Sura ya 3: Mgeni Anayengojwa

Ujumbe wenyewe hauna hata salamu. "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Basi. Hakuna habari za leo, hakuna shikamoo, hakuna jina. Watanzania wenye simu tumeuzoea, na wengi wetu tumeufuta huku tunatembea, bila kusimama kuutazama. Leo nakuomba usimame. Uufungue kama fundi saa anavyofungua saa na kuhesabu magurudumu yake, kwa sababu ndani ya maneno hayo sita mna somo la usalama wa kompyuta ambalo nimeona watu wakimaliza shahada bila kulipata.

Sisi ni watu wa salamu. Huwezi kumwomba mtu hata kiberiti kabla hujamjulia hali. Anayeanza na shida yake moja kwa moja ama ana dharura, ama mlishasalimiana tangu asubuhi na haya ni mazungumzo yanayoendelea. Aliyetunga ujumbe ule analijua hilo. Kwa kuiacha salamu amekuambia, bila kutamka, kwamba mmeshazungumza. Neno "ile" linamalizia kazi: ni hela tunayoijua mimi na wewe. Wakati huo huo hajui wewe ni nani. Ametuma kwa maelfu. Kati ya maelfu hao tuseme yupo mama mmoja wa Tabora ambaye dakika 20 zilizopita alimwahidi mdogo wake ada ya mtoto, na simu iko mkononi, anasubiri tu atumiwe namba. Namba imekuja. Anatuma.

Hakuna kilichovunjwa hapo. Mitambo ya kampuni ya simu imefanya kazi kama inavyotakiwa, namba ya siri imeingizwa na mwenyewe, muamala umekamilika. Mwizi hakupita dirishani. Alipiga hodi kwenye nyumba iliyokuwa inangoja mgeni, akafunguliwa.

Mfumo wowote, uwe wa kompyuta au wa watu, una vitu unavyovingoja. Seva inangoja ombi, karani anangoja fomu, mama anangoja namba. Pale panapongojwa kitu mlinzi huwa amelegea, maana kinachongojwa hakimshtui mtu. Ukiniuliza mdukuzi anafanya nini hasa siku nzima mbele ya kioo, nitakuambia anatafuta mahali pa namna hiyo, halafu anajiweka pale. Kuvunja kwa nguvu kupo, lakini ni kwa nadra kuliko sinema zinavyotuonyesha. Sura hii nimeiandika ili ujifunze kupaona mahali hapo kabla yake, na njia ninayoijua ya kujifunza ni kukaa muda mrefu karibu na mdukuzi mmoja na kumtazama anavyofanya kazi.

Nimemchagua mmoja wa zamani, kwa sababu mashine zake zilikuwa chache na rahisi, kwa hiyo nia yake inaonekana wazi.

Agosti 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll aliishiwa fedha za utafiti wake na kuhamishiwa chumba cha kompyuta. Siku hizo muda wa kompyuta kubwa uliuzwa kama sisi tulivyowahi kuuziwa dakika za simu, na kila idara ililipa kwa kadiri ilivyotumia. Programu mbili ziliweka hesabu ya matumizi, na zilipolinganishwa zikatofautiana kwa senti 75. Stoll akapewa kazi ya kutafuta zilikokwenda.

Mtu mwingine angeongeza senti 75 kutoka mfukoni mwake na kwenda kunywa chai. Stoll hakufanya hivyo, na hapa ndipo ninapompenda. Mashine haisahau chenji. Ikiwa hesabu mbili za jambo moja hazilingani, basi kuna jambo la tatu ambalo halijaandikwa popote. Alipitia orodha mpaka akamkuta mtumiaji asiyekuwa na anwani ya kutumiwa bili. Akamfuta. Siku chache baadaye likaja lalamiko kutoka kompyuta ya mbali: kuna mtu wenu anajaribu kuingia kwetu. Akaunti iliyotajwa ilikuwa ya mtafiti ambaye wakati huo alikuwa Uingereza na hakuwa na sababu ya kuigusa.

Ijumaa jioni, wenzake walipokwenda nyumbani, Stoll alipita ofisi kwa ofisi akiazima mashine za kuchapa na kompyuta ndogo zilizobebeka, akaziunganisha kwenye laini 50 zilizotumiwa na watu wa nje kuingia maabara kwa simu. Akalala palepale sakafuni. Hakuandika programu yoyote ya kumnasa mgeni ndani ya kompyuta yenyewe, na sababu yake ni ya kufundishwa darasani: mgeni akiwa ndani, chochote kilichomo ndani anaweza kukiona na kukifuta. Karatasi inayotoka upande wa pili wa waya hawezi kuigusa. Kila herufi aliyoandika mgeni ikachapwa.

Soma nami ile karatasi. Jambo la kwanza alilofanya mgeni baada ya kuingia lilikuwa kuangalia nani mwingine yumo na programu gani zinafanya kazi. Aliandika amri ya ps ikifuatiwa na herufi nne, e, a, f na g. Mtaalamu mmoja wa maabara alipoiona aligundua jambo, kwa sababu katika mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley herufi f haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa na kazi katika Unix ya AT&T. Basi mgeni huyu alijifunzia mbali na Berkeley, na vidole vyake vilikuwa na lafudhi kama ulimi ulivyo nayo. Mtu aliyekulia Mombasa hawezi kuficha asili yake akizungumza Dodoma, hata akichagua maneno vipi.

Alivyopata madaraka ya msimamizi mkuu ndiyo sehemu ninayotaka ukae nayo. Maabara ilikuwa na programu ya kuandikia iitwayo GNU Emacs, iliyopendwa na wengi, na ndani yake mlikuwa na msaidizi mdogo aliyeitwa movemail, kazi yake kuhamisha barua za mtu kutoka sanduku moja kwenda jingine. Ili aweze kuhamisha barua za kila mtu bila kukwama, msaidizi huyo alisimikwa akiwa na madaraka ya msimamizi mkuu. Hakuulizwa unahamisha nini, wala unapeleka wapi. Waliomsimika walifikiria barua. Mgeni alifikiria faili lolote.

Mashine hiyo ilikuwa pia na programu ya kuendesha kazi za ratiba iitwayo atrun. Kila baada ya dakika 5 mfumo uliiamsha na kuitekeleza ukiwa na madaraka yake yote. Mgeni akatengeneza atrun ya bandia, akamtumia movemail kuipeleka penye ile halisi, akangoja. Dakika zilipotimia mfumo ukaja kama kawaida yake, ukakuta kitu chenye jina linalotakiwa, mahali panapotakiwa, ukakitekeleza. Kilichokuwa ndani kilikuwa amri ya kumfanya mgeni awe bosi. Kisha akairudisha atrun halisi mahali pake na kufuta nyayo.

Kuna ndege aitwaye kekeo, ambaye baadhi ya jamii zake hazijengi kiota. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, na mwenye kiota, aliyezoea kukuta mayai pale, huliatamia. Stoll alikipa kitabu chake cha 1989 jina la yai hilo, The Cuckoo's Egg, na sijaona picha inayoeleza udukuzi vizuri zaidi. Linganisha na mama wa Tabora. Simu yake ilikuwa kiota, namba iliyongojwa ilikuwa yai, na "ile hela" ilikuwa rangi iliyopakwa juu ya ganda ili lifanane na mengine.

Wasimamizi wengi, wakishajua kuna mgeni, humfungia mlango saa hiyo hiyo. Ni haki yao. Stoll na wakubwa wake waliamua kumwacha na kumtazama, na walimtazama kwa karibu mwaka mzima. Nasema bila kusita kwamba uamuzi huo uliufundisha ulimwengu kuhusu usalama wa mitandao kuliko mihadhara mingi. Waligundua kwamba Berkeley haikuwa shabaha yake. Ilikuwa daraja. Kutoka pale alikuwa akivuka kwenda mtandao wa jeshi la Marekani, akigonga kompyuta moja baada ya nyingine.

Alijaribu kompyuta zipatazo 450. Aliingia katika zaidi ya 30. Unaweza kudhani alikuwa na silaha za ajabu. Alichofanya ni kuandika jina la mgeni, guest, na kuona kama mlango unafunguka. Ukikataa, aliandika jina la akaunti ambayo kiwanda kiliiacha kwa ajili ya mafundi wake, pamoja na nywila ileile ya kiwandani iliyo kwenye kila mashine ya aina hiyo duniani. Ukikataa, alikwenda kompyuta nyingine. Usiku baada ya usiku, mlango baada ya mlango, kama kijana anayejaribu vitasa vya magari yote kwenye maegesho ya hospitali. Hakuwa na haraka wala hakuwa na kipaji kikubwa. Alikuwa na subira, na alijua kwamba mahali fulani kuna mtu aliyesimika mashine na kuondoka bila kubadilisha alichokikuta.

Miaka 30 baadaye jambo lilelile likafanyika bila binadamu kukaa macho. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikiwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, ikizijaribu kwenye kamera za ulinzi, ruta na vinasa picha. Iliteka mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa namna hiyo vilielekezwa kwenye kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi Marekani hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Kabla hujaendelea kusoma, ifikirie ruta iliyoko sebuleni kwenu. Fundi alikuja, akaifunga, akachukua hela yake. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio yake ni ipi? Kama hujui, kuna anayejua.

Kumfuatilia mgeni yule kulikuwa kazi ya kuchosha. Maofisa wa FBI waliuliza hasara ni kiasi gani, wakajibiwa senti 75, na hamu yao ikaishia hapo. Stoll alikuwa na kifaa cha kumwita kila mara mgeni alipoingia, na aliamka usiku. Mgeni alipokaribia kuchukua kitu cha hatari, Stoll hakukata laini, maana angeshtuka. Alichukua funguo zake na kuzigusisha kwenye nyaya, ili upande wa pili ionekane ni simu mbovu tu yenye mikwaruzo. Mgeni angelaani laini na kujaribu tena baadaye. Siwezi kufundisha sehemu hii bila kutabasamu, kwa sababu hapa mlinzi ameanza kufikiri kama mgeni wake. Mtumiaji wa simu ya mwaka 1986 alingoja nini? Alingoja mikwaruzo. Akapewa.

Nyayo zilifika Ujerumani Magharibi, mji wa Hannover, na zikagota ukutani. Kituo cha simu cha huko kilikuwa cha mitambo ya zamani, na fundi alitakiwa aende kwa miguu kufuata nyaya wakati simu ikiendelea. Ilihitaji zaidi ya saa nzima. Mgeni hakuwahi kukaa muda huo wote. Ungemzuiaje aondoke?

Jibu walilipata Stoll na mchumba wake wakiwa nyumbani: umpe anachokingoja. Walikuwa wameshaona kwenye karatasi kwamba hutafuta faili zenye maneno ya kijeshi, hasa yanayohusu SDI, mpango wa ulinzi wa angani wa Rais Reagan. Basi wakabuni ofisi. Wakaipa jina la SDInet, wakaipa katibu muhtasi ambaye hakuwahi kuzaliwa, wakakaa chini na kuandika makabrasha marefu, makavu, yenye lugha ya kiserikali inayochosha, kurasa kwa kurasa. Januari 1987 mgeni akayakuta. Akakaa zaidi ya saa moja akiyasoma na kuyachukua, na fundi wa Hannover akafika mwisho wa waya wake. Safari hii kekeo ndiye aliyetagiwa.

Mwisho wa waya alikuwepo kijana aitwaye Markus Hess. Yeye na wenzake walikuwa wakiuza walichokipata kwa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti. Miezi michache baada ya mtego, barua ya kawaida ya posta ilifika maabara kutoka Pittsburgh, mtu akiomba atumiwe nyaraka za SDInet, ofisi ambayo nje ya zile faili haikuwepo popote duniani. Mwaka 1990 mahakama ya Ujerumani Magharibi ilimtia Hess hatiani kwa ujasusi, na kifungo chake kikasitishwa.

Sasa tuje kwako, maana najua unataka kugusa kibodi.

Karibu kila mwaka wanafunzi huja kwangu na ombi moja, wengine kwa aibu, wengine kwa ujasiri: "Mwalimu, nifundishe kuingia WhatsApp ya mtu." Mtu huyo mara nyingi ni mpenzi. Nakataa, na ninawaambia sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa. Kusema ulikuwa unajifunza hakukutoi mahabusu. Ya pili ni kwamba hutajifunza kitu. Ukiiba simu ya mtu na kusoma ujumbe wake umejua siri ya mtu mmoja, lakini hujui bado simu inafanyaje kazi.

Jenga maabara yako. Laptopu iliyotumika yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha. Weka VirtualBox, programu ya bure inayokuwezesha kuwa na kompyuta kadhaa za kufikirika ndani ya moja. Katika moja weka Kali Linux, iliyojaa zana za kazi hii. Katika nyingine weka Metasploitable, ambayo ilitengenezwa kwa makusudi ikiwa imejaa matundu ili wanafunzi wayatafute. Ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, na mtandao wao usitoke nje. Hilo la mwisho nalikazia: kompyuta yenye matundu ikitokeza kwenye intaneti, wanaoikuta wa kwanza hawatakuwa wanafunzi wenzako.

Halafu piga hodi. Nasema hodi kwa maana yake kamili, kwa sababu kompyuta mbili zinapoanza mazungumzo kwa itifaki ya TCP hufanya kile tunachofanya kizingitini. Ya kwanza inapiga hodi. Ya pili inaitikia karibu. Ya kwanza inasema nimeshakaribia, na mazungumzo yanaanza. Kila kompyuta ina milango ya namna hiyo 65,535, inayoitwa poti, na kila huduma hukaa nyuma ya mlango wake: tovuti kwenye 80 na 443, usimamizi wa mbali wa SSH kwenye 22, na mzee Telnet, ambaye hutamka nywila kwa sauti mbele ya watu, kwenye 23. Zana iitwayo Nmap, aliyoitoa Gordon Lyon mwaka 1997, huzunguka milango 1,000 inayotumika zaidi ikipiga hodi. Pakiitikiwa karibu, inaandika "wazi" na kugeuka kabla haijaingia. Pakijibiwa hapana, inaandika "pamefungwa". Pakiwa kimya kabisa, inajua kuna mlinzi aliyeagizwa asijibu watu, na ukimya huo nao inauandika. Mwache Nmap azunguke Metasploitable yako usiku mmoja, kisha kaa na orodha na ujiulize mlango kwa mlango: nyuma ya hapa kuna nani, na anangoja kuambiwa nini?

Ukishazoea hodi, sikiliza kelele za ndani ya nyumba kwa zana iitwayo Wireshark. Utasikia jambo la kushangaza. Kompyuta ikitaka kumpata mwenzake katika mtandao wa nyumba au ofisi, hupaza sauti kwa wote: nani mwenye anwani hii? Anayejibu "ni mimi" huaminiwa papo hapo. Itifaki hiyo, ARP, iliandikwa mwaka 1982, na haina swali la pili. Yeyote aliyemo humo anaweza kuitika jina lisilo lake, hata kabla hajaulizwa, na kuanzia hapo mazungumzo yatapitia kwake. Ni kama mjumbe anayefika uwani na kuita "Juma yuko wapi?" halafu anamkabidhi bahasha aliyenyoosha mkono kwanza. Kwa sababu hiyo tovuti nyingi siku hizi husimba mazungumzo yenyewe, ili bahasha ikiangukia mikono isiyohusika isisomeke.

Tundu moja zaidi, kwa sababu ni la kihistoria na kwa sababu lugha yetu ina kipimo chake. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Hatuulizi kibaba kikijaa kinachomwagika kinaenda wapi. Katika kompyuta kinakwenda kwa jirani. Programu ikitenga nafasi ya herufi 512 na isipime unachoiletea, herufi ya 513 itaandikwa juu ya kitu kingine, na mara nyingi jirani huyo ni anwani inayoiambia mashine irudi wapi ikimaliza kazi. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe katika intaneti changa ya siku hizo. Moja ya njia zake ilikuwa kumletea mhudumu aitwaye fingerd herufi 536 katika kibaba cha 512. Mhudumu alingoja jina la mtu. Aliletewa jina lenye mkia, na mkia ukaandika upya njia ya kurudi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kompyuta 6,000, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000.

Ukifika hapa utakuwa umeanza kuona mnyororo. Chukua wizi wa laini ya simu, ambao umewaliza watu wengi Afrika Mashariki. Benki inaiamini namba yako, kwa hiyo inatuma msimbo kwenye namba hiyo. Namba inaiamini kadi iliyosajiliwa. Usajili unamwamini karani wa kaunta. Pasipo na ukaguzi mwingine, karani anakiamini kitambulisho alichoonyeshwa, na kitambulisho kinaaminiwa kwa picha yenye ukubwa wa kucha. Benki ikiweka ukuta wa chuma kwenye seva zake, mwizi hatauendea. Atakwenda kaunta na kitambulisho chenye jina lako na sura yake, atasema simu imeibwa, na atahudumiwa kwa upole, kwani kaunta ile iliwekwa kwa ajili ya watu walioibiwa simu.

Kwa hiyo kabla sijamruhusu mwanafunzi aguse Kali, nampa zoezi lisilohitaji umeme. Nenda kwa wakala wa pesa unayemfahamu, mwombe ruhusa, keti pale saa mbili. Usiguse kitu. Andika kila anachokingoja na kila anachokiamini.

Binti mmoja alilifanya kwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi, akarudi na kurasa mbili. Wakala anaamini ujumbe wa simu unaosema hela imeingia, na akiwa na foleni haangalii salio. Anaamini simu ya mteja iliyonyanyuliwa mbele ya uso wake. Akienda kuswali adhuhuri, anamwamini muuza chapati wa jirani na simu ya kazi. Lakini ukurasa wa pili wote ulihusu daftari. Kila mteja huandika mle jina, namba ya simu na kiasi, halafu anatia saini. Ili aandike mstari wake, lazima aione mistari ya juu. Binti alikuwa amepanga foleni kama mteja wa kawaida, na zamu yake ilipofika aliondoka na majina mawili, namba mbili na viasi viwili kichwani. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu ujumbe ambao mwizi angeweza kuutuma jioni hiyo hiyo: mama, zile 80,000 ulizotoa stendi leo saa nne, wakala amekosea, naomba namba iliyokuja kwenye simu yako. Nani angekataa? Jina sahihi, kiasi sahihi, saa sahihi.

Alimwonyesha wakala kurasa zile. Wakala alizisoma taratibu, akauliza maswali mawili, akamshukuru. Wiki iliyofuata binti alikuta daftari limevishwa kipande cha boksi la sabuni, na katikati ya boksi kimekatwa kijidirisha chenye upana wa mstari mmoja. Kila mteja akimaliza kuandika, wakala analishusha boksi mstari mmoja chini.